Nyenzo ya chapa ya meno 'inayopenda maji': Kitenzi kinachotupotosha

Ukitazama boksi la nyenzo ya kuchukulia chapa ya meno, aghalabu utakuta neno moja limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko mengine: haidrofiliki. Ni neno lililoundwa na wanasayansi kutokana na Kiyunani. Sehemu ya kwanza ina maana ya maji na ya pili ina maana ya rafiki au mpenzi. Mkabala wake ni haidrofobiki, ambalo sehemu yake ya pili ni hofu. Basi nyenzo moja ni mpenzi wa maji na nyingine inayaogopa. Katika rasimu ya istilahi za udaktari wa meno ambayo nimekuwa nikiipitia kwa ombi la wenzangu wa kitivo hicho, maneno haya yamefasiriwa jinsi yalivyo: "inayopenda maji" na "inayoogopa maji".

Tafsiri hiyo haina kosa la sarufi. Hata hivyo nimeitia alama nyekundu, na katika safu ya leo nataka nieleze kwa nini. Si ukaidi wa mzee wa isimu. Kitenzi "penda" kikiachwa hapo, kuna mgonjwa atakayelipa kofia ya jino mara mbili, au atakayeling'oa jino ambalo lingeokolewa.

Kwanza tuelewane chapa yenyewe ni nini, maana si kila msomaji amelazimika kukaa kwenye kiti kile. Jino lako limeoza sana au limepasuka. Daktari amelisafisha na kulichonga pande zote likabaki kama kisiki kidogo, na sasa anataka kulivisha kofia ya kauri au ya madini. Kofia hiyo haitengenezwi kinywani mwako. Daktari anachanganya nyenzo laini, mfano wa uji mzito, anaitia kwenye kisahani chenye umbo la taya, anakishindilia juu ya meno yako na kukuambia usimeze. Baada ya dakika chache ule uji umeshika, umekuwa kama mpira. Anauchomoa. Palipokuwa na jino sasa pana shimo lenye umbo la jino lile. Katika shimo hilo humiminwa jasi iliyokorogwa kwa maji, na jasi ikikauka unapata nakala ya kisiki chako. Fundi wa maabara hujenga kofia juu ya nakala hiyo.

Fundi huyo pengine yuko jengo jingine, au hata mji mwingine. Hajawahi kukuona. Yote anayoyajua kuhusu kinywa chako ameyapata kwenye chapa. Ikiwa pale mpaka wa jino lililochongwa unapopita pana kijishimo cha hewa au sehemu iliyofifia, fundi atafanya mambo mawili: atairudisha kazi, au atakisia. Akikisia, kofia itakuja na mwanya ambao jicho halioni. Gundi inayoishikilia itayeyuka polepole, vijidudu vitapenya, na jino litaoza chini ya kofia nzuri inayong'aa. Mgonjwa atajua siku litakapoanza kuuma.

Sasa angalia mpaka huo uko wapi. Uko kwenye ufizi, mara nyingi chini yake kidogo. Hakuna mahali pengine kinywani penye majimaji kama hapo. Mtu mzima hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Tezi kubwa iliyo mbele ya sikio humwaga mate yake ndani ya shavu, mkabala na gego la pili la juu. Nyingine humwagia chini ya ulimi, nyuma tu ya meno ya mbele ya chini. Katika kijifuo kilicho baina ya jino na ufizi huvuja majimaji mengine, kidogo kidogo, na ufizi ulioguswa na mashine ya kuchongea hutoa damu. Juu ya yote hayo, mgonjwa anapumua, na pumzi yake ina mvuke. Daktari hupigana na haya kwa pamba, kwa mrija wa kufyonza mate, na kwa uzi mwembamba uliochovywa dawa ambao husukumwa kwenye kijifuo ili ufizi ujitenge na damu ikome.

Ni kazi ya kuchosha. Ukiwa daktari mwenye wagonjwa kumi wanaosubiri nje, na boksi mkononi linakwambia nyenzo hii ni mpenzi wa maji, utajisumbua kukausha kwa nini?

Hapa ndipo lugha inapoingia. Mkulima wa Kiswahili hutumia kitenzi "penda" na maji kila siku. Mpunga unapenda maji. Mgomba unapenda maji. Nduma, au majimbi kama wasemavyo wenzetu wa Pwani, yanapenda maji, ndiyo sababu utayaona yamepandwa kando ya mto. Maana ya usemi huo ni moja tu: kitu hiki kikipata maji kinastawi, kikikosa kinadhoofu. Hiyo ndiyo maana ambayo mwanafunzi wa Kenya analeta darasani. Ukimwambia silikoni inapenda maji, ataelewa kwamba maji yanaisaidia silikoni kufanya kazi yake. Naam, hivyo sivyo kabisa.

Hebu tukae na huo mmea wa nduma kidogo, kwa sababu unafundisha jambo. Mizizi yake inapenda maji, lakini mwagia jani lake maji uone. Tone linajikunja kuwa kidonge, linabingirika, linaanguka, na jani linabaki kavu kana kwamba halijaguswa. Kitu kimoja, tabia mbili zilizo kinyume, na kitenzi "penda" hakiwezi kukuambia unazungumzia ipi.

Tabia ya jani la nduma ina kipimo chake. Mwaka 1805 Mwingereza Thomas Young aliandika kuhusu jinsi vimiminika vinavyoshikamana na vitu vigumu, akaeleza kwamba tone likikaa juu ya kitu hufanya pembe maalum pale linapokigusa. Wanafunzi wa lugha humjua Young kwa mambo mengine: alichangia kusoma maandishi ya kale ya Misri, na ndiye aliyetumia jina la Indo-Ulaya kwa familia ile ya lugha mnamo 1813. Kazi yake ya udaktari ilimwachia wakati wa hayo yote. Sijui sisi tunapoteza wapi saa zetu. Turudi kwenye pembe. Tone likitandaa na kuwa kama chapati, pembe ni ndogo, na tunasema kitu kimelowana. Tone likijikunja kuwa kidonge, pembe huzidi digrii 90, na kitu hakilowani. Jani la nduma limezidi mbali kiwango hicho. Silikoni tupu nayo imezidi.

Silikoni tunayozungumzia ni ile iliyoingia kwenye kliniki za meno katika miaka ya 1970 na ambayo leo hutumika sana kwa kazi za kofia. Sifa zake ni kubwa. Ikishashika haibadiliki umbo kwa urahisi. Unaweza kuivuta kutoka kwenye meno yaliyopinda ikarudi ilivyokuwa, na unaweza kuikalia siku kadhaa kabla ya kumimina jasi. Shida yake ilikuwa hiyo hiyo ya jani la nduma. Jasi hukorogwa kwa maji. Ukiimimina kwenye chapa inayokataa maji, haitandai hadi kwenye pembe za ndani, na unapata nakala iliyojaa vitundu vya hewa. Mafundi walilalamika. Katika miaka ya 1980 watengenezaji wakaanza kutia ndani ya silikoni kemikali za jamii ya sabuni. Ukitaka kujua zinafanya nini, tia tone moja la sabuni ya vyombo kwenye sahani yenye mafuta na utazame maji yanavyotandaa ghafla. Pembe ikapungua, jasi ikatandaa, vitundu vikapungua. Hapo ndipo silikoni ikapewa cheo kipya cha haidrofiliki.

Huo ulikuwa ufanisi wa kweli, wala siubezi. Lakini ona ulipatikana wapi: maabarani, kwenye silikoni iliyokwisha kushika, na jasi ikiwa ndiyo kimiminika. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mwenye kuuza boksi hakuwa na haja ya kuongeza maelezo hayo kwenye kifuniko. Picha iliyo kwenye matangazo ni ya tone la maji safi lililotandaa juu ya kipande cha silikoni. Mtazamaji anajazia mwenyewe.

Kinywani hali imegeuka. Silikoni haijashika bado, ni uji. Kimiminika si tone dogo la maji safi linaloletwa juu yake, bali ni mate yenye utelezi, au damu, ambayo tayari yamelala juu ya jino. Na jino lenyewe, tukikubali kutumia kitenzi hicho kwa mara moja, ndilo linalopenda maji: lilikuwa limelowa kabla daktari hajafika. Kazi ambayo uji wa silikoni unatakiwa kuifanya ni kuyasukuma majimaji hayo na kuchukua nafasi yake juu ya jino. Kulowana ni jambo moja, na kufukuza maji mahali yalipokwisha kukaa ni jambo jingine. Silikoni yenye sabuni hulowana vizuri, lakini haina nguvu ya kuyang'oa mate kwenye kijifuo cha ufizi. Inachofanya mara nyingi ni kuyafunika. Ikitolewa, pale palipokuwa na mate pana kijidimbwi laini, na mstari wa mpaka umepotea. Zaidi ya hayo, ile kemikali ya sabuni huhitaji muda kusogea hadi kwenye uso wa nyenzo, ilhali uji huo una dakika chache tu kabla haujashika.

Wataalamu wameyapima haya maabarani kwa kuchukua chapa za vitu vikavu na vilivyoloweshwa, kisha kulinganisha. Panapokuwa pakavu, silikoni hizi hutoa chapa safi mno. Panapokuwa na unyevu, ubora wa chapa zao hushuka, hata zile zenye jina la haidrofiliki. Na hapa kuna jambo ambalo kila mnunuzi angefaa kulijua. Kipimo cha kimataifa cha nyenzo hizi, ISO 4823, kinadai kwamba nyenzo nyepesi iweze kunakili mstari wenye upana wa maikromita 20. Unywele wa kichwani mwako ni mnene kuliko huo mara kadhaa. Mstari unaonakiliwa umechorwa kwenye kipande cha chuma kisichoshika kutu, na kipande hicho ni kikavu. Nyenzo inaweza kufaulu mtihani huo kwa alama za juu kabisa bila kuonana na tone la mate.

Kuna tabia nyingine kabisa ambayo neno haidrofiliki huifunika, nayo ni kusharabu. Kitenzi hiki tulikipata kutoka kwa Waarabu, ambao kwao ni kunywa tu kwa kawaida, lakini kwetu kimekaa kwenye vitabu vya sayansi kwa maana ya kitu kuyaingiza maji ndani yake, kama sifongo au karatasi ya shashi. Mfano bora kwenye kliniki ya meno ni alginati, ile poda, mara nyingi yenye harufu ya mnanaa, inayokorogwa na maji kwenye bakuli la mpira. Wengi waliowahi kutengenezewa meno bandia ya kuvaa na kuvua, au vyuma vya kunyoosha meno ya watoto, wameionja.

Alginati ni zao la mwani wa rangi ya kahawia. Mkemia E.C.C. Stanford aliigundua katika miaka ya 1880 akishughulika na mwani wa Scotland, lakini iliingia kwenye udaktari wa meno kwa msukumo wa vita. Awali madaktari walikuwa wakitumia agari, nayo ni zao la mwani mwekundu lililotoka kwa wingi Japani. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, njia ya kuipata ikafungwa, na watu wakatafuta badala yake kwenye mwani wa kahawia. Nasema hivi kwa sababu nimesikia mtu akisema kwa fahari kwamba mwani wa akina mama wa Kibuyuni, Kwale, au wa Zanzibar ndio unaopimiwa meno. Mwani huo ni mwekundu, na zao lake kuu ni karajini, inayotumiwa kukolezea vyakula na dawa ya meno ya tubu. Kwenye mswaki wako huenda upo. Kwenye bakuli la alginati haupo.

Poda ya alginati ikikutana na maji, kalisi iliyomo hufunganisha nyuzi zake na mchanganyiko ukawa kama jeli. Zaidi ya thuluthi mbili ya uzani wa jeli hiyo ni maji. Kwa hivyo haisumbuki sana na unyevu mdogo wa kinywani, maana yenyewe ni unyevu. Tatizo huanza ikitoka. Ukiiacha mezani, maji yanatoka na chapa inanywea. Ukiizamisha kwenye beseni la maji kwa kudhani unaitunza, inasharabu na kufura. Kiswahili kina mchezo mzuri hapa: kinachokunywa kinafura, na kinachokosa cha kunywa kinanywea. Pande zote mbili jino la jasi litakuwa si saizi ya jino lako. Ndiyo maana hushauriwa alginati ya kawaida imiminwe jasi ndani ya dakika 10 hadi 15, na ikibidi kungoja, ifungwe kwa kitambaa chenye unyevunyevu ndani ya mfuko. Unyevunyevu, nasisitiza, si chepechepe. Poda nayo ina masharti yake: kopo likiachwa wazi kwenye joto na unyevu wa hewa wa Mombasa, poda huharibika hata kabla ya kukorogwa, na maji ya vuguvugu huifanya ishike upesi kuliko mkono wa daktari.

Baina ya alginati na silikoni kuna polietha, iliyoletwa na Wajerumani katika miaka ya 1960. Mnyororo wa molekuli zake una oksijeni iliyopangwa kila baada ya hatua chache, na oksijeni hiyo huyavuta maji. Haikutiwa sabuni, ndivyo ilivyozaliwa. Kati ya nyenzo za mpira, hii ndiyo inayojikaza zaidi panapokuwa na unyevu, na tafiti nyingi za kulinganisha zimeipa nafasi ya mbele kwa sababu hiyo. Madaktari hawaipendi kwa mambo mengine. Ni chungu mdomoni na ikishika inakuwa ngumu, kiasi kwamba kuitoa kwenye meno yaliyoachana au kupinda ni mvutano wa kweli. Isitoshe, oksijeni ile ile inayoisaidia kinywani huiponza nje. Ikiwekwa majini muda mrefu hufura. Ukiitia kwenye mfuko mmoja na chapa ya alginati yenye unyevu na kuipeleka maabarani, itakuwa inasharabu njiani kote. Nawauliza wenye kutafsiri: kwa nyenzo hii, "inapenda maji" ni sifa au ni onyo?

Ni vyote viwili, kutegemea saa. Na ndiyo sababu siafikiani na wanaosema tuchukue tu haidrofiliki kama lilivyo tumalize. Sina ugomvi na kukopa. Silikoni, polietha, alginati, hayo nimeyapokea bila kusita, kwani ni majina ya vitu, na jina la kitu halimwambii mtu afanye nini. Haidrofiliki si jina la kitu. Ni ahadi kuhusu mwenendo wa kitu. Ahadi isiyoeleweka ikikopwa hukopwa na utata wake. Kuna anayesema mwanafunzi atakutana na neno hilo kwenye boksi vyovyote vile, basi alijue. Sawa, alijue, lakini alijue kama lebo ya muuzaji, halafu afundishwe kuuliza: yapi kati ya haya?

Maana lugha yetu, bila kuombwa, imetenganisha kile ambacho Kiyunani cha maboksi kimekivuruga. Kulowana ni kwa juu: maji yanatandaa kwenye uso wa kitu. Kusharabu ni kwa ndani: maji yanaingia na umbo linabadilika. Kustahimili ni kwa kazi: kitu kinaendelea kufanya kinachotakiwa ingawa maji yapo. Silikoni yenye sabuni inalowana, haisharabu, na haistahimili sana. Alginati inalowana, inasharabu mno, na inastahimili, ingawa haifikii silikoni kwa kunakili mistari myembamba. Polietha inalowana, inasharabu kiasi, na inastahimili kuliko silikoni. Sentensi tatu hizo zina manufaa kwa daktari kuliko boksi zima la herufi kubwa. Nimependekeza kwenye rasimu kwamba haidrofiliki isipewe neno moja la Kiswahili. Ipewe vitenzi hivi vitatu, na mwandishi achague anachokikusudia kila mara. Najua wana istilahi wenzangu wanapenda dhana moja, neno moja. Hapa dhana si moja, na huo ndio msimamo wangu.

Mwenzangu mmoja wa meno alinipinga kwenye "kustahimili". Kwake kitenzi hicho kinaweza kumlegeza daktari sawa na "penda": akisikia polietha inastahimili, ataacha kukausha. Hoja yake ina uzito. Hakuna nyenzo yoyote inayonakili jino lililofunikwa na dimbwi la damu, na polietha si ubaguzi. Tumekubaliana kwamba kitenzi hicho kiandamane na kitu kinachostahimiliwa: inastahimili unyevu, kamwe si inastahimili mate au inastahimili damu. Kiswahili kinajua tofauti ya unyevu na majimaji. Mfuaji nguo yeyote anaijua.

Hata uoshaji wa chapa unaingia kwenye hesabu hii. Chapa ikitoka kinywani ina vijidudu, nayo huoshwa na kutiwa dawa ya kuviua kabla ya kwenda kwa fundi. Alginati na polietha zikizidishwa kwenye dawa hiyo zinafura, kama tulivyoona. Silikoni haifuri, na kwa hivyo watu huisahau humo. Lakini ile kemikali ya sabuni iliyotiwa ili jasi itandae inaweza kutoka na dawa, na silikoni ikarudia ujani wake wa nduma. Fundi anamimina, vitundu vinarudi, na anamlaumu aliyeuza jasi. Kwa hiyo muda ulioandikwa na mtengenezaji ufuatwe kwa saa, si kwa makisio.

Kwa upande wa mgonjwa, yako machache ya kufanya na yote ni madogo. Daktari akikujazia pamba shavuni na kuning'iniza mrija kwenye mdomo, usione anakuchelewesha. Ikiwa ufizi wako unatoka damu kila unapopiga mswaki, mwambie kabla ya siku ya chapa. Pengine ataona ni heri uutibu kwanza kwa wiki kadhaa. Akitazama chapa kwenye mwanga, akatikisa kichwa na kusema turudie, mkubalie bila kununa. Wa kuogopwa ni yule asiyeitazama.

Siku hizi zipo kliniki zinazopima meno kwa skana, kamera ndogo inayozungushwa kinywani. Mashine ya kwanza ya aina hiyo kutumika kwa mgonjwa ilifanyiwa kazi Zürich, Uswisi, mwaka 1985. Nimeulizwa kama mjadala wangu wote haujapitwa na wakati kwa sababu hiyo. Haujapitwa. Mate yaliyo juu ya jino huakisi mwanga na kuupinda, na skana hunakili uso wa mate badala ya uso wa jino; ufizi ukiufunika mpaka, kamera haioni kilicho nyuma yake. Pamba na mrija vingalipo. Na zaidi ya hayo, skana ni ghali, kwa hivyo kisahani na uji wake vitakuwa nasi kwenye zahanati nyingi kwa miaka mingi ijayo.

Kilichobaki kunitatiza ni neno la ule mstari wa mpaka, pale jino lililochongwa linapokutana na lisilochongwa. Rasimu inasema "pambizo", neno ambalo mimi nalijua zaidi kwenye ukurasa wa kitabu. Nimefikiria "pindo", kama la kanga, na "ukingo", kama wa mto. Mafundi wa maabara za meno mnaosoma safu hii, hasa mnaofanya kazi kwa Kiswahili Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, lazima mna neno mnaloitana nalo mkiushika ule mfano wa jasi na kusema hapa hapaonekani. Niandikieni mniambie ni lipi.